Mzigo wa Juu ya Paa

3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Usishtuke kuona bahasha. Kazini kwenu simu zinaachwa getini kwa sababu ya hiyo mitihani mnayochapa, na nyumbani simu yako Mama anaiwahi kabla hujanawa mikono, anaiweka spika, na jirani anasikia kila kitu. Kwa hiyo nimempa kondakta wa basi la asubuhi aifikishe barua hii kiwandani kwenu.

Jambo lenyewe ni la heri. Lile gari la umeme nililokuwa nalitengeneza hapa gereji, mwenyewe amelichoka na sasa ni langu. Halina kelele wala harufu. Nadhani umeshaona ninakoelekea. Mama hajasafiri tangu nikiwa mdogo kwa sababu akinusa petroli tu anatapika. Basi likiwa bado mbali yeye ameshaziba pua kwa mtandio. Kwa gari hili hana sababu. Nilimpakia mke wangu, ambaye siku hizi tumbo lake halitulii, tukapanda mlima wote, na alishuka akiulizia chakula.

Nataka nije kuwachukua wewe na Mama mwezi wa nane, ukiwa likizo. Hatutapita barabara kuu. Tutapita ile ya zamani, aliyoendesha lori marehemu Baba miaka yote: maporomoko, ziwa la kijani chini ya bonde, na ile kona aliyoiita Kona ya Mama Mkwe kwa sababu lazima uiingie polepole na kwa adabu. Unakumbuka alivyokuwa akimwahidi Mama kwamba iko siku atampitisha huko. Hakuwahi. Mtakaa kwangu wiki moja, halafu safari ya kurudi.

Nijibu mapema. Vituo vya kuchaji njia ile ni vichache na lazima nipange vizuri.

Mdogo wako,
Kitindamimba

10 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa. Mlinzi wa getini aliisoma yote ili ahakikishe hakuna mtihani ndani yake, kisha akaniuliza kama kwenye gari kuna nafasi ya mtu wa nne.

Mara ya kwanza niliisoma kama dada yako, nikafurahi. Mara ya pili niliisoma kama msahihishaji, na machale yakanicheza. Kwa nini sasa? Tangu tumzike Baba na Mama akahamia kwangu, ukija hapa unakuja mbio na kuondoka mbio. Mara ya mwisho uliaga Mama akiwa bado anamenya viazi vya kukupikia. Leo unataka kutuendesha milimani kama watalii. Mtu haamki tu asubuhi akawa na moyo mkunjufu, hasa wewe.

Halafu kuna Mama. Jana nilimwambia umeomba tusafiri, nikitegemea aseme hawezi, atatapika. Aliendelea kukunja nguo, akauliza, "Mwezi wa nane tarehe ngapi?" Sikuwa nimemtajia mwezi. Nilipomuuliza amejuaje, akasema mzazi anajua tu. Tena siku hizi anaimba bafuni, kila akiingia, kwa sauti. Mama yetu hakuwa mtu wa kuimba. Amempa jirani vyungu vyake vya maua, eti vinamletea mbu. Mimi sipendi mtu akifurahi bila kuniambia sababu.

Tukija, yapo masharti, na uyasome yote. Tangu aanguke bafuni mwaka jana, milango haifungwi kwa ndani. Komeo la bafuni na la chumbani kwake nimeyatoa. Jiko Mama haligusi. Kile kishikio cha kuwashia gesi natoka nacho kazini ndani ya mkoba. Dawa anameza mbele ya macho yangu. Jirani anachungulia katikati ya asubuhi na mchana. Huko kwako nani atayafanya haya? Mkeo, ambaye tumbo lake halitulii?

Niandikie mpango mzima. Tunasimama wapi, kwa nini, Mama atakaa wapi gari likichajiwa, na kama choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Dada yako,
ambaye unamwita Mkaguzi asipokuwepo

18 Juni

Dada,

Shikamoo. Nakuita Mkaguzi hata ukiwepo, ila kwa sauti ndogo.

Mama amejua mwezi kwa sababu likizo yako ni mwezi wa nane kila mwaka. Hilo halihitaji upelelezi.

Mpango ni huu. Tunaondoka kwenu asubuhi betri ikiwa imejaa. Kituo cha kwanza ni kwenye ule mji wa soko la mbao, pale kuna hoteli yenye kivuli na choo cha kukaa. Tunakula, gari linakula, tunaendelea. Kutoka hapo barabara inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na gari la umeme lina uzuri huu: likishuka linajirudishia chaji kidogo, kwa hiyo mteremko si hasara. Kituo cha pili ni darajani, chini ya maporomoko. Pale nitaomba umeme kwa mwenye mgahawa, nimeshaongea naye. Mama ataketi barazani na maji atayaona moja kwa moja, hahitaji kupanda ngazi. Tutalala kwenye nyumba ya wageni juu ya ziwa, na asubuhi tunaingia Kona ya Mama Mkwe jua likiwa nyuma yetu. Kabla ya chakula cha mchana tuko kwangu.

Kurudi ni njia ile ile na vituo ni vile vile, isipokuwa darajani tunapita moja kwa moja, maana paa litakuwa tupu na gari halitabishana na upepo. Chaji itatutosha mpaka kwenye mbao.

Nimelijaribu kwa kufunga magunia juu ya paa na kwa kuendesha paa likiwa tupu, kwa hiyo sibahatishi. Niambie Mama anapenda kukaa mbele au nyuma.

Mdogo wako,
Kitindamimba

25 Juni

Mdogo wangu,

Mama anapenda kukaa mbele. Mimi napenda ukweli.

Kurudi paa litakuwa tupu. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, bila kulazimishwa na mtu. Kwenda je, litakuwa na nini? Watu watatu wakienda kutembea wiki moja wanabeba mikoba, na mikoba inaingia kwenye buti. Nimemuuliza dereva wa meneja wetu, naye anaendesha gari la umeme. Akasema ni kweli kabisa, ukifunga mzigo mkubwa juu ya paa chaji inakwisha upesi kwa sababu ya upepo. Akaniuliza, "Kwani mnahama?"

Nilirudi kwenye meza yangu nikasahihisha ukurasa mmoja asubuhi nzima.

Nakujua tangu unatambaa. Ungeweza kunidanganya bila shida kwa kuandika kwamba kurudi tutasimama darajani pia. Lakini wewe ni fundi. Unaweza kumdanganya dada yako, ila huwezi kuidanganya betri.

Na bado sijamaliza. Kwenye kikapu cha nyuzi cha Mama nimekuta uzi umefungwa mafundo mawili, na hakuna nguo aliyokuwa akishona. Nimeupima kwenye kila kitu ndani ya nyumba, Mama akiwa kwa jirani. Meza haulingani nayo. Kabati haulingani nalo. Umelingana na kiti cha Baba, kile alichokichonga mwenyewe kwa mbao za makreti, kutoka juu ya mgongo mpaka mguuni, bila kuzidi wala kupungua. Nilipomuuliza alisema anataka kukishonea foronya. Foronya gani inapimwa mpaka miguuni?

Nauliza mara moja tu. Ni mzigo gani utakaokwenda na hautarudi?

Dada yako

2 Julai

Dada,

Shikamoo. Umenikumbusha ulivyokuwa ukininusa mdomo kuona kama nimelamba sukari.

Nilitaka liwe jambo la kushtukiza lakini hunipi nafasi. Mke wangu ni mjamzito. Atajifungua mwezi wa kumi. Huko kwenu kuna seremala, yule wa nyuma ya kituo cha mafuta, nimemwagiza kitanda cha mtoto kwa sababu huku mbao nzuri ni shida. Ndicho kitakachofungwa juu ya paa. Basi, ni hilo tu. Umeshaharibu mshangao, furahi sasa.

Usimwambie Mama kwamba nimekwambia.

Mdogo wako,
Kitindamimba

7 Julai

Mdogo wangu,

Hongera. Ningependa kukupongeza vizuri, kwa nderemo, kama shangazi anavyotakiwa, na ninakuonea hasira kwamba umeninyima hata hilo.

Nimekwenda kwa seremala. Alinionyesha makabati, stuli na jeneza moja. Kitanda cha mtoto hana, hajaagizwa, na wewe hakujui. Kuhusu uzi hukujibu neno. Mbao nzuri ni shida kwenu, na kituo chetu cha kwanza ni kwenye mji wa soko la mbao. Mtu akisoma barua zako mfululizo anaona zinavyopigana zenyewe kwa zenyewe.

Sasa nimeelewa, wala huhitaji kunieleza. Mtoto anakuja. Mkeo ni mwalimu, atarudi kazini. Mtu wa kubembeleza mtoto kwa upendo, asiyetoroka na asiyeomba siku ya mapumziko, hapatikani kirahisi. Ukakumbuka una mama. Mimi nimemwosha alipovunjika mkono. Mimi nimelala sakafuni pembeni ya kitanda chake. Wewe ulituma salamu. Leo amepona na anaweza kushika mtoto, unakuja na gari lako lisilonuka unambeba, kiti na yeye mwenyewe, na mimi mnanipakia kama msindikizaji. Mngenionyesha maporomoko, mngenilisha, kisha ungenirudisha peke yangu na paa tupu. Na ulishapiga hesabu ya chaji ya kunirudisha.

Umemwambia nini? Ni maneno gani matamu umemmwagia mpaka anaimba bafuni?

Safari hakuna. Mama haendi. Gari lako lipeleke wanakojua kupenda magari.

Dada yako

12 Julai

Mwanangu,

Mimi niko chumbani na wewe uko sebuleni unapiga pasi. Ningeweza kuja kukwambia, lakini nikifungua mdomo unanisahihisha, na nikifika katikati nasahau nilichotaka kusema. Kwa hiyo nami nimeandika, kama mnavyoandikiana ninyi. Nitaiweka barua kwenye mkoba wako, pale unapoweka kishikio cha jiko, kwa sababu ndipo unapopapasa kila mara kuhakikisha kipo.

Mdogo wako amenisomea barua yako ya mwisho kwenye simu ya jirani. Usimgombeze, nilimbana mpaka akasoma. Huwa tunaongea hivyo ukishatoka kwenda kazini, ndiyo maana mwezi niliujua. Uzi ni wangu. Kitanda cha mtoto ni uongo wake, na nilimwambia kabisa, wewe hujui kudanganya, bora unyamaze.

Hajaniita nikalee mtoto. Mkwe wangu ana mama yake mtaa wa pili tu, na mama huyo ameshaanza kugombania mjukuu ambaye hajazaliwa. Ni mimi niliyeomba kuhamia. Niliomba kabla hata ya mimba, kabla ya gari. Mdogo wako akaniambia, "Utafikaje huku na kutapika kwako?" Nikamwambia hilo nakuachia wewe fundi. Ndipo akaanza kumfuata yule mwenye gari la umeme na kumbembeleza, mpaka mwenyewe akasalimu amri.

Mwanangu, unanitunza vizuri. Nalitanguliza hili na usilisahau ukifika chini. Sijalala njaa kwako, sijavaa nguo chafu, na mkono wangu ulipovunjika ulinilisha kama nilivyokulisha. Lakini tangu nilipoanguka huniangalii tena, unanikagua. Naketi mbele ya jiko lisilowaka, majani ya chai ninayo, sukari ninayo, nasubiri jirani achungulie aone kama nipo hai. Nimepikia watu msibani na harusini, na kwenye nyumba hii sichemshi maji. Ukirudi unaninusa mikono kama nimeshika moto.

Umeuliza kwa nini naimba bafuni. Naimba ili mtu ajue nimo ndani asije akafungua, maana mlango haufungi. Mdogo wako aliponisomea kwamba ulidhani ni furaha, nilicheka, kisha nikalia kidogo.

Nataka niwe mahali ambapo naweza kuchemsha chai yangu, hata kama nitaungua kidole. Nilikuficha kwa sababu nilikuogopa. Kumwogopa mtoto niliyemzaa ni aibu, na nimefuta sentensi hii mara kadhaa, lakini imebaki. Nilijua nikikwambia utaishika safari yangu kama unavyoshika kurasa zako, utaweka alama hapa na pale mpaka isibaki safari.

Nilitaka tupite njia ya baba yenu sote pamoja. Tumcheke kwenye ile kona yake. Tukishafika, tukishakula, nikwambie taratibu kwamba mimi nabaki. Haukuwa mpango mzuri, lakini ndio niliokuwa nao. Bado nataka kwenda, na sitaki kwenda bila wewe. Ila kurudi, mwanangu, utarudi mwenyewe.

Usinijibu leo. Kaa nayo kwanza.

Mama yako

Umeunguza kola. Nimenusa nikiwa huku.

24 Julai

Mdogo wangu,

Mama ameniandikia. Sikuelezi alichosema. Ulikijua kabla yangu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba aliweza kukwambia wewe.

Niliificha barua yake kazini, kwenye droo ya karatasi za majaribio ya chapa, na kila nilipopata nafasi niliitafutia makosa. Nilipata ya herufi mawili matatu. Mengine yote yalikuwa sahihi. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia jirani na simu yake, nikalikasirikia gari ambalo sijaliona. Nyumbani tuliongea habari za mboga na mvua tu, na yeye hakunisukuma. Alikuwa ameshasema yake.

Jumapili nilirudisha makomeo. Skrubu zake nilikuwa nimezitunza kwenye kopo la vifungo. Mama alisimama nyuma yangu akiniangalia. La chumbani nilianza nalo, kisha la bafuni. Nilipomaliza akachukua taulo, akaingia, nikasikia komeo likiingia mahali pake. Alikaa humo muda mrefu mno. Nilianza kuwaza vibaya, nikamwona ameanguka, nikaona damu sakafuni, unanijua. Niliinua mkono nibishe hodi. Kisha nikaushusha nikaenda kukaa. Hakuimba hata kidogo.

Kishikio cha jiko nimekirudisha na nimekiacha. Siku ya kwanza nilishinda kazini nikipapasa mkoba, nikishtuka kwamba hakipo, nikikumbuka, nikishtuka tena. Mlinzi wa getini alidhani nimeibiwa. Niliporudi nyumba ilikuwepo, na mezani kulikuwa na chai. Ilikuwa na sukari nyingi kupita kiasi na nadhani aliichemsha mara mbili. Niliinywa yote, naye alikaa kwenye kiti cha Baba akinitazama ninywe.

Hivyo safari ipo. Njoo mwezi ule ule uliopanga. Lakini mpango wako una makosa na nayarekebisha hapa, maana hilo siwezi kuliacha.

Kiti kifungwe kikiangalia nyuma. Dereva wa meneja anasema mgongo ukitangulia upepo unapita vizuri zaidi, sijui kama ni kweli, wewe ndiye fundi. Kifungie blanketi ili miguu isikwaruze paa. Njoo na kamba ndefu, ni kizito kuliko kinavyoonekana. Mama akae mbele, upande wa bonde, na dirisha liwe wazi hata kama hakuna harufu, amezoea. Dawa zake nitampa mkeo, nitamweleza mara moja tu, halafu nitanyamaza. Ukiona sinyamazi nikanyage mguu. Kwenye Kona ya Mama Mkwe uingie kwa adabu, na usiongee, muache Mama aseme yeye Baba alikuwa akisemaje.

Pokea na hongera yangu upya, ile ya kwanza haikuwa na nderemo. Nimeanza kufuma kofia ya mtoto. Mama anaikagua kila jioni na anasema mishono yangu imebana mno.

Jambo la mwisho ni kuhusu kurudi. Ile sehemu ya darajani uliyoikata, irudishe. Najua paa litakuwa tupu na chaji itatosha, umeshalijaribu. Tusimame hivyo hivyo, unywe chai yako, mimi nitaangalia maji. Sina haraka ya kufika nyumbani.

Dada yako,
Mkaguzi